Ufagio Ulioingia Darasani Bila Swali

Somo la kubuni vyombo vya kila siku kwa kuyatazama maumbile huhesabiwa kuwa jambo la juzi, tena la kigeni. Hutajwa Mswisi George de Mestral, ambaye mwaka 1941 alizichunguza mbegu zenye vikulabu zilizong'ang'ania manyoya ya mbwa wake, hatimaye akaunda vishikizo vya Velcro. Hutajwa pia jengo la Eastgate mjini Harare, lililokamilika mwaka 1996, ambalo mfumo wake wa hewa uliigwa kwenye vichuguu vya mchwa. Mifano hiyo ni ya kweli. Lakini shule za Temeke na Kinondoni, jijini Dar es Salaam, zilikuwa na malighafi ya somo hilo, mafundi wake, na hata kipindi chake kwenye ratiba. Kilichokosekana ni swali.

Tuanze na ufagio wa chelewa. Chelewa ni uti wa kijani cha kuti la mnazi: unakishika kijani kisilegee, na upepo wa bahari ukivuma unapinda bila kuvunjika, kisha unarudi ulivyokuwa. Aliyekwangua kijani akabakiza uti, akafunga fungu na kufagilia uwanja wa mchanga, aliihamisha kazi ya upepo akaupa mkono. Makuti nayo huezekwa kuanzia chini kwenda juu, kila kuti likilalia lililotangulia, maji ya mvua yateleze kama juu ya manyoya ya bata. Na ukili husukwa mrefu kwanza, ndipo mshonaji aamue utakuwa mkeka, kikapu au mkoba. Wazaramo na majirani zao walikuwa na ujuzi huu kabla mji haujatambaa hadi Mbagala na Mbezi. Mikocheni, ambayo leo ni mtaa wa maghorofa, jina lake linatokana na mikoche, na majani ya mkoche ni ya kusukia.

Mwalimu Nyerere alipotoa sera ya Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, mlango wa kuuingiza ujuzi huu darasani ulifunguka. Aliilaumu shule iliyomtenga mtoto na jamii yake, akataka wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuamua. Utekelezaji ulikwenda kwingine. Shule ya mjini haikuwa na eka za kulima, kwa hiyo kazi za mikono zikabeba sehemu kubwa ya kujitegemea, nazo zikapimwa kwa kilicholetwa: fagio ngapi, mikeka mingapi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilifungulia watoto wengi shule, jambo la haki kabisa, ila mwalimu mwenye darasa lililofurika hana nafasi ya kumuuliza kila mtoto kwa nini chelewa haivunjiki. Baadaye likaja somo la Stadi za Kazi, lisilokuwamo katika mtihani wa darasa la saba. Na kisichotahiniwa, tunajua hupewa dakika ngapi. Ufagio ukawa kitu cha kununuliwa sokoni asubuhi na kukabidhiwa kwa zamu.

Atatokea wa kusema kwamba kutumia jani si kuiga maumbile. Kwamba fundi wa ukili alirithi mkono wa mama yake, hakufanya utafiti. Hoja ina uzito, lakini inathibitisha ninachodai. Ujuzi uliorithiwa bila kuelezwa ndio hasa unaohitaji darasa, maana hapo sababu ya mkono hutamkwa, hujaribiwa, na kuhamishiwa kwenye chombo kipya. Mwingine atasema plastiki imekwisha kushinda. Basi aangalie tarehe 1 Juni 2019, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Pengo likajazwa zaidi na mifuko ya kitambaa laini iliyotoka viwandani, huku kikapu cha ukili kikibaki vilevile: kizuri, kigumu kukunjwa, kisichoingia mfukoni mwa abiria wa daladala. Kumpa mwanafunzi wa Mbagala kazi ya kusuka ukili unaokunjika, naye aanze kwa kuchunguza jani changa la mkoche linavyojikunja kabla halijachanua, hakuhitaji maabara.