Msako wa Sharti Moja

Tangu mageuzi ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018, Mtanzania aliyepoteza kazi anaweza kudai fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Awe amechangia angalau miezi 18, na awe hajafika miaka 55. Tena asiwe ameacha kazi kwa hiari. Sharti hili la mwisho ndilo nililoamua kulifuatilia. Lilitoka wapi?

Simulizi iliyozoeleka husema lilizaliwa pale fao la kujitoa lilipofutwa. Zamani aliyeacha kazi alichukua michango yake akaenda zake. Sheria ilipoliondoa mwaka 2012, manung'uniko yalifika hadi migodini. Simulizi hii ina uzito, lakini inaeleza tu kwa nini utaratibu wa zamani ulifungwa. Je, masharti ya huu mpya yalichukuliwa kutoka kwa nani?

Nikafungua sheria ya akiba ya wafanyakazi ya mwaka 1964. Njia ikakatika. Mpango ule ulikuwa akiba, kila mtu na chake, si bima ya kubebana. Kama chimbuko haliko nyumbani, liko wapi?

Mkataba wa kimataifa wa hifadhi ya jamii namba 102 wa mwaka 1952 ulinirudisha njiani. Unaruhusu kumnyima fao aliyeacha kazi kwa hiari, lakini unaongeza: bila sababu ya msingi. Maneno hayo si mapya. Sheria ya bima ya Uingereza ya mwaka 1911 iliwapa mafundi wa ujenzi, meli na mitambo shilingi 7 kwa wiki wakikosa kazi. Aliyeacha bila sababu ya msingi alinyimwa kwa wiki sita. Kwa nini wiki sita tu, na si moja kwa moja?

Nikitafuta jibu, nilisogea nyuma zaidi, hadi mji wa St. Gallen, Uswisi. Bima ya lazima ilianza huko mwaka 1895, ikafa mwaka 1897. Wenye kazi za kudumu walichoka kuwalipia wa msimu. Basi hofu ya kubeba mzigo wa mwingine ni kongwe. Lakini Mwingereza aliyetunga sheria ya 1911 alitutungia nini sisi?

Hapa ndipo nilipokaa sana. Sheria ya mabwana na watumishi ya Tanganyika ni ya mwaka 1923. Kwenye mashamba ya mkonge, manamba, yaani kibarua wa mkataba, alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Akiondoka mapema aliitwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Uingereza, kuacha kazi kulimkosesha mtu shilingi. Kwetu kulimpeleka mahakamani. Siamini kwamba waandishi wa 2018 waliichungulia sheria hiyo, kwani lugha yao inafanana na ya mkataba wa 1952. Lakini kumshuku anayeondoka, je, kulifutika pamoja na kipande?

Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inatoa mwanga. Inatambua kwamba mtu akijiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike, huyo ameachishwa. Lakini madai hayo hufunguliwa ndani ya siku 30, na barua aliyoiandika inasomeka "naacha kazi". Akifika kwenye dirisha la mfuko akiwa na barua hiyo peke yake, nani atamuuliza kwa nini aliiandika?