Imani na siasa katika maisha ya Julius Nyerere

Julius Kambarage Nyerere (1922–1999), rais wa kwanza wa Tanzania, alikuwa Mkatoliki aliyebatizwa akiwa tayari mtu mzima, mwaka 1943. Alifundisha katika shule za misheni, Tabora kisha Pugu. Mwaka 1955 aliacha ualimu, kazi iliyokuwa na mshahara wa uhakika, ili akitumikie chama cha siasa cha TANU moja kwa moja.

Akiwa Ikulu aliendelea kuhudhuria misa karibu kila siku. Hata hivyo, alishikilia kwamba serikali haina dini, ingawa wananchi wanazo dini zao. Msimamo huo ulipimwa hasa katika elimu. Kufuatia sheria ya mwaka 1969, serikali ilitaifisha shule nyingi za makanisa, zikiwemo za Kanisa lake mwenyewe, ili watoto wa dini zote wapate nafasi sawa. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi zaidi kwamba hakuutumia urais kulipendelea dhehebu lake.

Mwaka 1970, akizungumza na masista wa shirika la Maryknoll huko New York, alilitaka Kanisa lishiriki mapambano dhidi ya umaskini na dhuluma, badala ya kuwafundisha maskini uvumilivu tu. Baada ya kustaafu alitunga tenzi za Injili nne na Matendo ya Mitume, zilizochapishwa mwaka 1996. Mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulifunguliwa na Jimbo Katoliki la Musoma.