Maji ya Newala hayajawahi kuwa bure

Kila bei ya ndoo inapoguswa katika miji midogo ya vijijini, husikika dai kwamba zamani maji yalikuwa bure na bomba halikukauka. Historia ya Newala, mkoani Mtwara, inalikanusha. Mji huu uko juu ya uwanda wa Makonde, ambako mchanga humeza mvua na chemchemi hutokea mabondeni. Karl Weule, msomi Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliwakuta wakazi wakiteka maji mbali, chini ya miteremko. Mradi wa bomba wa miaka ya 1950, chini ya Shirika la Maji la Makonde, ulipopandisha maji kwa mitambo kutoka bondeni, maji hayo yaliuzwa.

Maji ya bure yalikuja baada ya Uhuru. Serikali ilibeba gharama za ujenzi vijijini, baadaye na za uendeshaji, na mwaka 1971 ikaanzisha mpango wa miaka 20: ifikapo 1991, kila mwanakijiji apate maji safi ndani ya mita 400. Nia hiyo ilikuwa ya heshima, kwani ilimhesabu mwanamke mwenye ndoo kichwani kuwa raia mwenye haki. Lakini bure ilikuwa kwa mtekaji tu. Dizeli ilinunuliwa, vipuri viliagizwa nje kwa fedha za kigeni, na uchumi ulipoyumba mitambo ilinyamaza. Kijiji hakikuwa na fedha ya kununua kipuri wala uwezo wa kumwajibisha fundi anayelipwa kutoka mbali. Finland ilifadhili visima na pampu za mkono Mtwara na Lindi, nazo zikahitaji mtu wa kuzitunza baada ya wafadhili kuondoka. Mwaka 1991 ulipofika, chini ya nusu ya wanavijiji nchini walikuwa na huduma, na sera ya maji ya mwaka huo ikarudisha uchangiaji.

Wapo wanaosema bei humnyima maskini maji. Hoja ni nzito, ila bomba likikauka maskini ndiye hulipa zaidi: hununua kwa mchuuzi au hushuka bondeni, wakati mwenye uwezo ana kisima cha kuvunia maji ya paa. Hata hivyo, kulipa peke yake hakuleti maji. Sheria ya 2009 ilitambua vyombo vya wananchi vya kuendesha miradi, na ya 2019 ikaunda RUWASA kusimamia maji vijijini. Bado mlipaji anastahili kujua fedha yake imekwenda wapi. Nishati ya kupandisha maji uwandani inauzidi mfuko wa mkulima wa korosho. Serikali iibebe waziwazi katika bajeti, mkulima achangie matengenezo kwa kufuata msimu wa mauzo, na hesabu za makusanyo zisomwe hadharani kwenye mkutano wa kijiji.