Historia ya Dalili ya Kwanza

Maradhi ya figo yaletwayo na kisukari huingia bila kubisha hodi. Mgonjwa hula, hutembea na hufanya kazi, ilhali vichujio vya figo zake vyaharibika kimoja baada ya kingine. Hana maumivu ya kumwonya. Kwa hiyo historia ya utabibu katika jambo hili ni historia ya kutafuta dalili inayotangulia maumivu. Na kila dalili iliyosifiwa kuwa ya mapema ilionekana baadaye kuwa imechelewa.

Mwaka 1827 Richard Bright, tabibu wa hospitali ya Guy's mjini London, alieleza uhusiano wa mambo matatu: kuvimba mwili, mkojo wenye albumini, na figo zilizoharibika. Albumini ni protini ya damu. Mkojo wenye protini hiyo ukipashwa moto huganda mfano wa ute wa yai, na kijiko na mshumaa vilitosha kuidhihirisha. Dalili ilikuwa ya kweli, lakini wagonjwa wake walikuwa wamekwisha vimba.

Mwaka 1936 Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson walieleza mafundo waliyoyaona kwa hadubini katika figo za marehemu, ambao karibu wote walikuwa na kisukari. Hayo yalithibitisha madhara, wala hayakuweza kumfaa aliyekwisha kufa. Wakati huo insulini, iliyoanza kutumiwa Toronto mwaka 1922, ilikuwa inawaokoa vijana ambao zamani walikufa upesi. Waliopewa miaka walipewa pia muda wa kuugua figo.

Katika hospitali ile ile ya Guy's, Harry Keen na Chlouverakis walipata mwaka 1963 njia ya kupima albumini chache mno katika mkojo. Mwaka 1982 Viberti na wenzake walionyesha kwamba uchache huo huashiria maradhi yajayo, na mwaka 1984 Mogensen wa Denmark alionyesha vivyo hivyo kwa wenye kisukari cha utu uzima. Lakini mwaka 2003 uchunguzi wa Boston juu ya watu 386 ulionyesha kwamba kwa zaidi ya nusu yao albumini ilipungua tena. Basi dalili hiyo ni onyo, si hukumu.

Damu nayo iliulizwa. Kreatinini ni taka itokayo katika misuli, na njia ya kuipima yatokana na kazi ya Mjerumani Max Jaffe ya mwaka 1886. Kasoro yake ni kwamba figo zaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zao kabla kipimo hicho hakijavuka mpaka wa kawaida. Sistatini C, ambayo wataalamu wa Uswidi waliipendekeza mwaka 1985, haitegemei sana misuli. Hata hivyo, zote mbili hupima hasara iliyokwisha tokea. Mwaka 2012 watafiti wa kituo cha Joslin, Boston, walionyesha kwamba vipokezi viwili vya TNF, protini ichocheayo uvimbe katika tishu, vikizidi katika damu hutabiri kudhoofika kwa figo miaka kadha mbele. Mwaka 2019 wenzao wa kituo hicho walipima protini 194 za namna hiyo, wakateua 17 zenye utabiri.

Kutabiri bila kutibu ni kumwongezea mgonjwa hofu. Bahati njema, tangu mwaka 1993 iko hoja ya kutenda: utafiti wa watu 1,441 wa Marekani na Kanada ulionyesha kwamba kuitawala sukari barabara huzikinga figo, na mwaka ule ule dawa ya captopril ilionekana kuchelewesha maradhi. Dawa nyingine zimefuata.

Lakini vipimo vipya vya damu vingali zaidi mikononi mwa watafiti, na havijachukua mahali pa kreatinini na albumini ya mkojo, ambazo ni rahisi na zapatikana kwa wengi. Wasomi wana haki ya kutafuta dalili ya mapema zaidi. Wasisahau tu kwamba mgonjwa asiyepimwa mkojo wake kwa miaka mitano, kwake yeye hata dalili ya Bright ni mpya, nayo humfikia akiwa amekwisha vimba.