Kapela asubuhi, moto jioni: mapadri na wazazi katika malezi ya watoto wa Masisi na Walikale

Ndugu mapadri, mafratera na wakatekista, katika mikutano yetu tunasikia mara nyingi shitaka moja: wazazi wa siku hizi wametuachia watoto. Wanamleta mtoto kwenye katekismu kama vile wanavyopeleka mahindi kwenye mashine. Wanamwacha mlangoni, kisha wanarudi kumchukua akiwa tayari. Sisi wenyewe tumekwisha kusema maneno hayo, tena kwa sauti kubwa. Lakini tukichunguza historia ya Eklezia katika teritwari za Masisi na Walikale, tunaona kwamba desturi hiyo haikuanzishwa na wazazi. Walifundishwa. Na waliowafundisha ni wale waliotutangulia katika kazi hii ambayo leo ni yetu.

Tuanze mbali kidogo. Mapadri Weupe waliotumwa na Kardinali Lavigerie walifika kwenye ziwa Tanganyika wakati biashara ya watumwa ilipokuwa bado na nguvu. Huko Mpala na penginepo waliwakomboa watoto kwa mali, wakawalea. Watoto wale hawakuwa na baba wala mama karibu. Misioni ikawa baba, ikawa mama, ikawa kijiji. Nani atawalaumu? Mtoto aliyefunguliwa kamba shingoni hana budi apate mahali pa kulala. Lakini mtindo uliozaliwa kwa shida ile ulipanda pamoja na mapadri kuelekea kaskazini, mpaka Kivu, ambako watoto hawakuwa yatima. Hapa kwetu kila mtoto alikuwa na baba na mama, na nyuma yao wajomba, mashangazi na mababu. Hata hivyo misioni iliendelea kujiona kuwa mlezi peke yake.

Katika mwezi wa Desemba 1929 mambo mawili yalitokea. Roma iliunda Vikarieti ya Kivu. Na Papa Pius XI aliandika barua yake juu ya malezi ya kikristu ya vijana, akifundisha kwamba haki ya kumlea mtoto ni ya wazazi kwanza, nayo Serikali haiwezi kuwanyang'anya. Mapadri wa Kivu walitumia mafundisho hayo vizuri kwa kulinda masomo yao mbele ya Serikali. Kuyatumia mbele ya wazazi wenyewe, hilo lilikawia.

Kwa maana Serikali ya Wabelgi iliziachia misioni karibu masomo yote ya wenyeji, ikazisaidia kwa feza. Hivyo katika vijiji ikasimama kapela ya miti na majani, ambayo Jumapili ilikuwa nyumba ya sala na siku za kazi ilikuwa nyumba ya masomo. Aliyefundisha kusoma ndiye aliyefundisha amri za Mungu. Katekista yule, tusimsahau, ndiye aliyebeba Eklezia mabegani mwake; padri alifika kwa zamu, na Walikale zamu ilikuwa ndefu. Teritwari ile ina zaidi ya kilometa mraba 23,000, karibu yote msitu, wakati Masisi haifiki 5,000. Wazazi waliitwa na kapela kwa kazi gani? Kukata miti, kuleta majani, kutengeneza paa, kumlisha katekista. Walifanya yote hayo kwa moyo. Lakini juu ya yale mtoto wao aliyofundishwa ndani, hakuna aliyewauliza neno.

Jioni mtoto alirudi nyumbani, akaketi karibu na moto. Pale palikuwa na masomo mengine. Tuchukue Wanyanga wa Walikale. Katika mwaka wa 1956 mtaalamu Mbelgi Daniel Biebuyck aliandika hadithi ndefu ya Mwindo kama ilivyosimuliwa na kuimbwa na mzee Candi Rureke. Mwaka wa 1969 yeye na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe na mtaalamu wa lugha, waliitoa katika kitabu. Mwami Shemwindo anawakataza wake zake kuzaa mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa, baba anamtupia mkuki, anamzika, anamfunga ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anamfikia shangazi yake Iyangura, anarudi na nguvu, na baba anakimbilia chini ya ardhi. Lakini hadithi haiishii kwa damu. Baba anarudishwa, anakiri kosa lake mbele ya watu wote, na ufalme unagawanywa kati ya baba na mwana.

Ndugu, hapa pana mahubiri mazima juu ya baba na mtoto, juu ya haki ya shangazi, juu ya kuungama na kusameheana, na yalikuwa yakitolewa kila siku kwenye moto wa wakristu wetu. Sisi tulimaliza miaka yetu ya seminari kubwa bila kulisikia jina la Shemwindo darasani. Kapela ilikuwa na mtoto asubuhi, moto ulikuwa naye jioni, na hawa walezi wawili hawakusemezana. Mara nyingine, kama kwa habari ya tohara ya kimila, walisemezana kwa ugomvi tu.

Masisi ilikuwa na shida ya namna yake. Tangu mwaka 1937 Serikali ilianza kuwahamisha watu wengi kutoka Rwanda na kuwaweka huko, hasa Gishari. Kazi hiyo iliendelea mpaka miaka ya 1950. Rwanda ilikuwa imejaa watu, na Wazungu wenye mashamba katika Kivu walitafuta wafanyakazi. Wahunde, waliokuwa wenye nchi, waliona mashamba yao yakigawanywa pasipo kuulizwa sawasawa. Misioni iliwapokea wote. Mtoto Mhunde na mtoto Mnyarwanda walijifunza Baba Yetu kwenye benchi moja, na jambo hilo ni zuri, wala tusilidharau. Lakini baba zao? Hao hawakuitwa kuketi pamoja ila siku ya kutengeneza paa.

Kulikuwa na walioona mbali. Katika Katanga, kule Kolwezi, Padri Placide Tempels, Mfransisko, tangu mwaka 1953 hivi aliketi na wafanyakazi wa migodi na wake zao, mume na mke pamoja, akiwasikiliza kabla ya kuwafundisha. Mambo hayo yakaitwa Jamaa. Baadaye yaliingiwa na makosa, na katika miaka ya 1970 maaskofu walilazimika kuyawekea masharti makali. Hata hivyo lile wazo la kwanza, kwamba padri hawezi kuwa baba peke yake, lilikuwa wazo safi. Bukavu, Padri Georges Defour aliwaanzishia vijana Xaveri mwaka 1952. Ni kazi nzuri iliyozaa wakristu hodari, nasi tunaipenda, ingawa ilikusanya vijana zaidi kuliko nyumba zao. Na mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua njia ya jumuiya ndogo za kikristu, zile tunazoziita shirika: nyumba za jirani zinazokutana kusali na kusaidiana. Wakati ule Goma ilikuwa imekwisha kuwa jimbo, tangu Novemba 1959, na Askofu wake wa kwanza alikuwa Joseph Mikararanga Busimba, mwenyeji.

Shirika zilikua polepole mpaka Rais Mobutu, bila kukusudia, aliposaidia kuzikuza. Mwaka 1972 majina ya kigeni yalikatazwa, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kizungu alitishiwa kifungo. Vyama vya vijana wa Eklezia vilifungwa ili vijana wote waingie katika chama cha MPR. Mwisho wa mwaka 1974 masomo yetu yalichukuliwa na Serikali, na mafundisho ya dini yakatolewa darasani. Ikawaje basi? Katekismu ilirudi nyumbani. Mama alimwita mtoto kwa jina la zamani wakati wa sala ya jioni tu. Katekista aliyefukuzwa darasani alifundisha kwenye ua wa mkristu, na wenye nyumba walisikiliza pamoja na watoto. Kwa miaka miwili au mitatu kapela na moto vilikaa mahali pamoja. Halafu mnamo Februari 1977 patano lilifanywa, masomo yakarudishiwa Eklezia, nasi tukafurahi. Tukarudi darasani upesi, tukamwacha mzazi uani.

Tunakuja sasa kwenye jambo gumu. Machi 1993, kwenye soko la Ntoto huko Walikale, mauaji yalianza. Yakaenea vijijini, yakaingia Masisi, na maelfu ya watu wa makabila mbalimbali wakafa. Mwaka uliofuata wakimbizi wa Rwanda walijaa Goma. Mei 1996 watu waliokimbilia monasteri ya Mokoto waliuawa mle mle. Waliouana walikuwa wengi wao wamebatizwa. Walikuwa wamekaa kwenye benchi lile moja la kapela. Watu husema kwamba katekismu ilikuwa ndogo, au kwamba wanasiasa na tamaa ya ardhi vilileta yote. Juu ya ardhi na wanasiasa tunakubali. Lakini tunaongeza hivi: chuki ya Masisi haikufundishwa kapelani. Ilifundishwa jioni, na mtu aliyempenda mtoto, kwa maneno ya kumhurumia: mwanangu, jihadhari na wale. Na Eklezia haikuwa na kiti kwenye moto ule.

Sisi tuliozaliwa karibu na miaka ile tulikua tukiwaona kadogo, watoto wenye bunduki. Wengine walichukuliwa kwa nguvu njiani, wengine walijiunga kwa njaa, na wengine, tuseme kweli, walitumwa na watu wa nyumbani mwao ili kulinda kijiji. Vilevile mashimo ya kasiterite ya Bisie huko Walikale na ya koltani ya Rubaya huko Masisi yaliwavuta wavulana kutoka darasani. Padri akikataza mashimo kutoka altareni, na baba akiwa anangoja feza ya mashimo jioni, mtoto atamtii nani?

Tena wazazi walewale ndio waliookoa masomo. Mwanzo wa miaka ya 1990 Serikali iliacha kuwalipa walimu mshahara wa kutosha, na kwa ombi la maaskofu wazazi walikubali kuwalipa wenyewe. Masisi na Walikale walilipa kwa maharagwe, kwa kuku, kwa mafuta ya mawese, hata wakati wa vita. Sisi tuliita jambo hilo ushirikiano. Tunajua parokia moja, hatutaitaja, ambamo baba mmoja alisimama kwenye mkutano akaomba kuonyeshwa hesabu ya feza ya masomo. Alijibiwa kwamba anakosa heshima kwa padri. Aliketi. Mwaka uliofuata hakuja tena mkutanoni, wala katika shirika. Katika sehemu nyingi feza nyingine ilipanda kwenye maofisi, ya Serikali na yetu pia, na mzazi hakuambiwa sababu. Mwaka 2019 Serikali ilitangaza kwamba masomo ya msingi ni bure, kama Katiba ya 2006 ilivyoagiza. Wazazi walishangilia, na ni haki yao. Ila tulisikia wengine wakisema: sasa masomo si mambo yetu tena. Kama tungalikuwa tumewapa sauti wakati tulipochukua kuku wao, wasingalisema hivyo.

Lakini sheria ni wazi. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulisema mwaka 1965 kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakubwa wa watoto wao. Sheria ya Eklezia ya 1983, kanoni 774, inawapa wazazi kabla ya wengine wajibu wa kuwafundisha watoto imani kwa neno na mfano. Na kanoni 776 inamwagiza paroko kuwasaidia katika katekismu ya nyumbani. Ndugu mafratera watapasi mtihani juu ya kanoni hizo. Wengi wetu tulipasi.

Januari 2025 waasi wa M23 walishika Masisi na kuingia Goma, Machi wakafika Walikale, kisha wakaondoka huko Aprili. Februari makambi ya wakimbizi kando ya Goma yalivunjwa, na watu wa Masisi walirudi kwenye vijiji ambavyo vingine vilikuwa majivu. Katika kijiji kimoja cha namna hiyo katekista alianza tena mafundisho ya komunyo ya kwanza chini ya hema la plastiki. Hapakuwa na benchi, wala kitabu, wala mlango wa kumwachia mtoto. Akawaambia wazazi wakae. Baba mmoja alisema hawezi kufundisha, kwa kuwa hajui kusoma. Katekista alimwuliza: siku mlipokimbia, nani aliwaficha? Yule baba alinyamaza kwa muda. Halafu alimtaja mwanamke wa kabila lingine, aliyewalaza watu tisa katika jiko lake siku nne na kuwapikia mihogo aliyoiweka kwa mbegu. Watoto wake hawakuwa wamesikia habari hiyo. Waliokuwapo walikuwa wadogo mno wasiweze kuikumbuka. Mkubwa akauliza jina lake nani. Baba akalitaja, na watoto wakalirudia kwa sauti, kama wanavyorudia majibu ya katekismu.

Tuliliona daftari la katekista yule. Lina safu mbili: majina ya watoto upande mmoja, na upande wa pili majina ya wazazi waliohudhuria, tarehe kwa tarehe. Juma la kwanza safu ya pili ilikuwa na majina manne. Mwishoni mwa mwezi yalikuwa kumi na moja, na matatu kati yao ya akina baba.