Kamati za Wananchi na Historia ya Vyuo Anuwai vya Vijiji nchini Kenya

Mwaka 1966, miaka mitatu baada ya uhuru, Baraza la Kikristo la Kenya lilichapisha ripoti kuhusu hatima ya vijana waliomaliza shule ya msingi na kukosa nafasi katika sekondari, na mwaka huohuo wataalamu na viongozi walikutana Kericho kujadili elimu, ajira na maendeleo ya vijijini. Ripoti hiyo ilipendekeza kuanzishwa kwa vyuo anuwai vya vijiji, yaani vituo vidogo vya mafunzo ya ufundi ambavyo vingeendeshwa kwa gharama nafuu karibu na makazi ya wanafunzi, ili kijana ajifunze kazi inayohitajika kwao bila kulazimika kwenda kutafuta ajira Nairobi au Mombasa.

Useremala, uashi na ushonaji vilikuwa vikifundishwa tangu enzi za wamishonari, hivyo upya wa vyuo hivi haukuwa katika fani zenyewe bali katika nani aliyeamua ipi ifundishwe. Kila chuo kilikuwa chini ya kamati ya usimamizi, chombo cha wenyeji kilichowajumuisha wazazi, viongozi wa makanisa, walimu na wafanyabiashara wa soko la karibu, na kamati hiyo ilitarajiwa kuchunguza mahitaji ya eneo kabla ya kufungua darasa lolote: ni mafundi wangapi waliokuwapo tayari, watu walinunua nini, na nani angewalipa wahitimu. Chuo kilichoanza hivyo kiliweza kuwa na karakana ya miti na mabati, randa na misumeno michache ya kushirikiana, na wanafunzi waliojifunza kutumia timazi na pimamaji kwa kujenga darasa la shule ya msingi jirani, huku wenzao wa ushonaji wakishona sare za shule hiyohiyo. Mpango wa namna hii ulikuwa wa hekima kubwa kuliko ulivyosifiwa wakati huo, kwa sababu mteja wa fundi alikuwa amekaa kwenye kamati iliyopanga mafunzo yake.

Hata hivyo, wazazi hawakuwa na nia moja na waasisi. Waasisi hawakutaka vyeti, wakihofia kwamba cheti kingemvuta kijana kwenda mjini, ilhali mzazi aliyekuwa ameuza mazao ili alipe karo alitaka mwanawe apate karatasi inayotambulika. Serikali ilipoanza kutoa ruzuku na kulipa baadhi ya walimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtihani wa ufundi wa taifa, uliopimwa kwa madaraja, ulizidi kuwa ndio lengo la mafunzo, na kadiri silabasi ilivyotoka Nairobi ndivyo kamati zilivyobakia na shughuli za ardhi, majengo na michango. Wazazi hawastahili kulaumiwa kwa hilo, kwani walisoma soko la ajira kama lilivyokuwa.

Katika kipindi hichohicho iliibuka harakati kubwa zaidi, ile ya taasisi za teknolojia za harambee, yaani vyuo vya ufundi vya ngazi ya juu vilivyojengwa kwa michango ya umma. Wakazi wa Nyeri, wakiwemo wakulima wa kahawa, walichangia Taasisi ya Kimathi iliyoasisiwa 1972, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na Kakamega ikawa na chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Wanasiasa walishindana kuhamasisha michango hiyo, na katika baadhi ya maeneo fedha zilikatwa moja kwa moja kwenye malipo ya mazao. Mkulima alichangia mabati na mawe, lakini mara chache aliulizwa ni fani gani zingefundishwa.

Mtindo huo ulijirudia mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza 1985, kufuatia mapendekezo ya Tume ya Mackay ya 1981. Masomo ya ufundi yaliingizwa katika shule za msingi kwa amri ya wizara, nazo kamati za shule zikaachiwa jukumu la kujenga karakana na kununua vifaa, mzigo ambao shule za maeneo maskini hazikuweza kuubeba.

Katiba ya 2010 ilikabidhi vyuo anuwai vya vijiji kwa serikali za kaunti, na ikaufanya ushiriki wa umma kuwa wajibu wa kisheria. Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ya 2013, kwa upande wake, iliweka usajili na viwango vya mafunzo katika mamlaka ya kitaifa, jambo linalomlinda mwanafunzi dhidi ya mafunzo duni lakini linaloifanya bodi ya chuo kupanga ndani ya mipaka iliyowekwa na wengine. Kazi ya kuhesabu mafundi na wateja wa eneo kabla ya kufungua darasa, ambayo kamati za mwanzo zilitarajiwa kuifanya, bado inaweza kufanywa na bodi yoyote inayowaita wenye karakana, wakandarasi wadogo na wazazi kuketi pamoja kabla bajeti ya kaunti haijapitishwa.