Damu kuvurugika kabla ya kukoma hedhi: lini mama aende hospitali?

Wadau, mada hii wengi tunaionea aibu, lakini inawahusu mama na shangazi zetu, iwe Nyakunguru, Tarime mjini au Mugumu.

Mwanamke akiingia miaka ya 40 na kitu, homoni zinaanza kupanda na kushuka. Hedhi inaruka mwezi, inawahi, inachelewa, au inabadilika wingi. Mara nyingi hiyo ni kawaida, na mimba bado inaweza kuingia. Hedhi inahesabika imekoma pale tu inapopita miezi 12 mfululizo bila damu.

Ila haya sio ya kusubiri:

- damu inalowesha pedi nzima kila saa, kwa masaa mawili au zaidi
- inatoka zaidi ya siku 7
- inarudi kabla ya siku 21, tena mara kwa mara
- inatoka baada ya tendo la ndoa
- inatoka tena baada ya ile miezi 12, hata tone

Hiyo ya mwisho msidhani hedhi imerudi. Inaweza kuwa kitu kidogo tu, lakini inaweza pia kuwa saratani ya mji wa mimba au ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inaongoza kwa akina mama Tanzania. Ikigundulika mapema inatibika. Hospitali watapima wingi wa damu, shingo ya kizazi na altrasaundi. Ikibidi watampa rufaa, mfano Bugando, Mwanza.

Akiona kizunguzungu au kuzimia, mpelekeni saa hiyohiyo.

Mdau, mama hawezi kukuanza kwa habari hizi. Muanze wewe.